Tafsiri imerudi sawa na Kiingereza, mbona wazazi hawaelewi maswali?

Swali: "Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia, na utafiti wangu unahusu wazazi wa watoto wenye usonji (autism). Natumia hojaji mbili za Kiingereza: M-CHAT-R ya kuchunguza dalili kwa watoto wadogo, na ile ya Beach Center inayopima ubora wa maisha ya familia. Nimezitafsiri mwenyewe. Mwenzangu ambaye hakuona za Kiingereza akazirudisha, na msimamizi wangu alipolinganisha akasema zimelingana karibu neno kwa neno. Lakini nilipozijaribu kwa wazazi 6, wawili walijibu 'ndiyo' mwanzo mwisho, wengine walikuwa wananyamaza, na mama mmoja akaniuliza, 'Sasa hapa unataka nikujibu nini?' Tatizo ni mimi, ni wazazi, au ni hojaji? Nimebakiwa na wiki 5 kabla ya kuanza kukusanya data."

Jibu:

Marahaba, na hongera kwa kuwasikiliza hao wazazi 6. Wengi wangeandika "wahojiwa hawakutoa ushirikiano" wakasonga mbele.

Nianze na yule mama. Mtu anayeuliza "unataka nikujibu nini?" amesikia kila neno ulilotamka. Kilichompotea ni nia ya swali: haoni unatafuta nini, kwa hiyo hajui akuchotee nini katika maisha yake na mwanawe. Tafsiri yako haikuweza kukuonya juu ya hilo, kwa sababu ilikuwa haijamfikia mzazi hata mmoja. Ilipita mikononi mwa watu watatu, wote wasomi, wote wanajua Kiingereza, na wote wanajua usonji ni nini.

Tafsiri rejeshi, yaani hiyo ya kurudisha tafsiri kwenye lugha ya asili ili kuilinganisha, ilipata umaarufu baada ya makala ya mtafiti Richard Brislin ya mwaka 1970, na wengi wanaoitaja hawafiki kwenye tahadhari alizoziweka yeye mwenyewe humo humo. Alionya kwamba tafsiri inaweza kurudi vizuri kwa sababu zisizohusiana na ubora wake. Watafsiri wawili wanaweza kuwa na mazoea yale yale ya kuoanisha neno hili na lile, hata kama maana hazilingani. Mtafsiri hodari anaweza kupokea Kiswahili kilichopinda akakinyoosha bila kujua. Na mtafsiri wa kwanza akibeba muundo wa sentensi ya Kiingereza, wa pili huukuta ukimsubiri. Ndiyo maana maneno "karibu neno kwa neno" yamenitia wasiwasi. Tafsiri iliyong'ang'ania Kiingereza ndiyo hurudi salama kuliko zote. Ile iliyoandikwa ili mzazi aelewe mara nyingi hurudi na sura nyingine, na lazima mtu aitetee mezani.

Nikufungulie swali moja mpaka ndani. M-CHAT-R ina maswali 20, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na mojawapo linahusu mtoto anapoitwa jina. Nadhani umeandika kama tulivyoandika sisi zamani: "Je, mtoto wako huitika unapomwita jina lake?" Ni Kiswahili safi, na ukimpa mtu akirudishe atakuletea Kiingereza kile kile. Siku moja nilikuwa nimekaa sakafuni na mama mmoja, mwanawe wa miezi 20 akichezea kifuniko cha chupa hatua chache kutoka tulipo. Nikasoma swali. Mama akasema, "Hapana, haitiki." Nikamwomba amwite. Akamwita. Mtoto akageuka, akamtazama mama yake, akatabasamu, akarudi kwenye kifuniko chake. Nikasema, "Mbona ameitika?" Mama akanitazama kwa mshangao. "Hajaitika, daktari. Amegeuka tu. Kuitika si aseme 'abee'? Huyu hajaanza kusema."

Mama alikuwa sahihi, sisi ndio tuliokosea. Kuitika ni kutoa sauti. Swali la Kiingereza linakubali hata mtoto akiinua kichwa, akibwabwaja au akiacha anachofanya. Kwa kitenzi kimoja tulikuwa tumeinua kipimo, na mtoto aliyemgeukia mama yake kwa tabasamu akawekewa alama ya hatari ya kuwa na usonji. Tulilobaki nalo mwishoni ni hili: "Ukimwita kwa jina mnalomwita nyumbani, hugeuka, au hukutazama, au hutoa sauti, au huacha anachofanya?" Ni refu, halina urembo, na likirudishwa kwa Kiingereza halifanani na la asili. Lakini akina mama wanalijibu bila kusita. Hayo maneno "jina mnalomwita nyumbani" nayo yalitoka kwa mzazi, baba aliyetuambia kwamba mwanawe hajawahi kusikia mtu akimwita kwa jina la kwenye cheti.

Kitenzi kingine cha kukiangalia ni "kuonyesha". M-CHAT-R inatenganisha mambo matatu: mtoto kunyoosha kidole ili apewe kitu, kunyoosha kidole ili nawe uone kitu kilichomvutia, na kukuletea kitu ukitazame. Kwa Kiswahili, yote matatu yanaweza kumezwa na "hukuonyesha". Na tofauti kati ya la kwanza na la pili ndiyo roho ya uchunguzi wenyewe. Watoto wengi wenye usonji huomba, kwa mkono wao au kwa kuuvuta wako. Kinachokuwa adimu kwao utotoni ni kukushirikisha kitu kwa sababu tu kinapendeza. Andika "ili apewe" kwenye swali moja, na "ili nawe ukione, ingawa hakitaki" kwenye jingine. Usimwachie mzazi kazi ya kubahatisha.

Siku ukifika kwa watoto wakubwa zaidi utakutana na SCQ, hojaji ya maswali 40 ya ndiyo na hapana. Humo kuna swali kuhusu mtoto anayechanganya "mimi" na "wewe", jambo ambalo Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, aliliona tangu mwaka 1943 katika watoto 11 aliowaeleza. Nimewahi kuona tafsiri iliyosema "huchanganya viwakilishi vya nafsi". Huo ni mtihani wa sarufi. Tena kwa Kiswahili nafsi imejificha ndani ya kitenzi, na mtoto wa kawaida wa miaka 4 wala hahitaji kutamka "mimi" ili aseme anachotaka. Uliza hivi: "Akiwa na kiu, husema 'unataka maji' badala ya 'nataka maji'?" Mzazi ambaye mwanawe husema hivyo ataruka kitini, kwa sababu amelisikia mara mia na hakujua kama lina jina. Watoto hawa mara nyingi wanarudisha sentensi kama walivyoisikia kwetu: sisi ndio tuliowauliza "unataka maji?"

Sasa tuwarudie wale wazazi wawili wa "ndiyo, ndiyo, ndiyo". Katika M-CHAT-R, kwa maswali 17 jibu la "hapana" ndilo linaloashiria hatari. Kwa maswali 3 ni kinyume: lile la kama umewahi kuhisi mtoto hasikii, lile la kuchezesha vidole karibu na macho, na lile la kukerwa na sauti za kila siku. Hesabu. Mzazi anayekubali kila kitu kwa heshima tu anampatia mwanawe alama 3. Na alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ni ya kati, 8 hadi 20 ni kubwa. Kwa hiyo adabu peke yake imetosha kumwingiza mtoto kwenye kundi la hatari ya kati. Usiwaondoe hao wawili kwenye takwimu zako kimyakimya. Wamekuonyesha ufa ulipo.

Kuna na suala la ukanushi, na hili Kiingereza hakikufundishi. Muulize mtu, "Mtoto wako hachezi na wenzake?" Mmoja atasema "Ndiyo, hachezi." Mwingine atasema "Hapana, hachezi." Wote wawili wamejibu kwa Kiswahili sahihi, na wamesema jambo lile lile, ila fomu yako itaweka alama mbili tofauti. Pitia hojaji zote mbili na ugeuze kila swali la kukanusha kuwa la kukubali. Na msomaji wa hojaji asikubali "ndiyo" tupu: aombe mfano. "Mara ya mwisho alifanya hivyo lini? Ilikuwaje?" Waandishi wa M-CHAT-R nao wameweka usaili wa ufuatiliaji kwa watoto wa alama 3 hadi 7, na usaili huo umejaa maswali ya kuomba mifano. Usiuache nje kwa sababu ya muda. Kwa maoni yangu, ni bora upunguze idadi ya familia kuliko kuuacha.

Watu watakuuliza sana juu ya kutazamana machoni, kwamba katika jamii nyingi mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Ni kweli kwa mtoto wa miaka 7 au 8. Kwa mtoto wa miezi 18 anayevalishwa nguo na mama yake, fundisho hilo bado halijafika, na sijaona sababu ya kulifuta swali hilo. Tusiite kila kitu utamaduni.

Hojaji ya familia ndiyo ngumu zaidi kati ya hizo mbili, nami ningeipa muda mwingi kuliko unavyofikiri. Ile ya Beach Center, kituo cha Chuo Kikuu cha Kansas, ina maswali 25, na kila moja linauliza umeridhika kiasi gani, kwa ngazi 5. Hapo ndipo ulipo mtego. Kwa Kiingereza, kuridhika ni hesabu: nilitarajia hiki, nimepata kile. Kwa Kiswahili, kuridhika ni tabia njema. Mtu aliyeridhika ni mtu mstahimilivu, asiye na tamaa, anayepokea alichojaliwa. Ukimwambia mama achague kati ya "nimeridhika sana" na "sijaridhika kabisa" kuhusu familia yake, unamtaka aseme kama ana shukrani au hana. Atasema ameridhika. Pengine ataongeza "tunamshukuru Mungu", huku hajalala usiku mzima kwa siku ya tatu. Utapata wastani wa 4.6 na utaandika kwamba familia hizi zina maisha bora.

Tafsiri rejeshi haitakugutusha hapa. "Ridhika" itarudi kama ilivyokwenda.

Tulipowauliza wazazi wenyewe wangesemaje, walitupa maneno ya utoshelevu: "inatosha", "inatosha kidogo", "haitoshi". Msaada mnaopata kwa jamaa unatosha? Muda wa kupumzika unatosha? Kwa maswali ya mahusiano walipendelea "mambo yanakwendaje". Ukibadilisha ngazi za majibu namna hiyo utakuwa umeigusa hojaji kwa kina, na lazima useme hivyo wazi katika ripoti yako na uwaandikie wenye hojaji. Lakini kubaki na neno unalojua kwamba linazaa majibu ya adabu ni kosa kubwa zaidi.

Neno "familia" nalo lina mitego yake. Kwa Kiingereza cha hojaji hiyo, familia ni wale wanaojiona kuwa familia na kutunzana kila siku, wawe wa damu au la. Mhojiwa wako wa Kiswahili anaweza kusikia mke na watoto tu, au wote wanaoishi kwenye kaya moja, au jamaa wote mpaka wa mbali. Mama mmoja anaweza kujibu swali la kwanza akiwa na watoto wake akilini, na swali la tano akiwa na wakwe. Kabla hujaanza kusoma maswali, mwambie, "Nitajie watu mnaosaidiana kumlea mtoto huyu siku hadi siku." Andika majina anayoyataja. Kisha, kila linapokuja neno familia, sema: "nyinyi mliotajwa hapa". Inachukua dakika 2, nayo inaokoa utafiti mzima.

Kuna kipengele kingine kinachouliza kama wanafamilia wana muda wa kufuata mambo yanayowapendeza wao wenyewe. Jaribu kukisikia kwa sikio la mama: "Je, una muda wa kufanya mambo yako mwenyewe?" Mtu wa "mambo yake" si mtu mwema. Mama atakataa haraka, si kwa kukosa muda bali kwa kujitetea. Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1977 juu ya kosa la kuchukua kategoria iliyozaliwa katika jamii moja na kuitandika juu ya jamii nyingine kana kwamba imeota hapo hapo. Alikuwa anazungumzia magonjwa ya akili, lakini kwangu "muda wangu binafsi" ni mfano mzuri sawa na huo. Uliza kuhusu kupumzika: "Kuna mtu anayekupokea mtoto ili upumzike?" Utapata jibu, na mara nyingi utapata hadithi nzima.

Hata "msongo wa mawazo" uutazame tena. Ni neno la redioni na la semina, wazazi wengi wamelisikia, lakini wakizungumza wao kwa wao husema mawazo yamewazidi, wamechoka moyo, usingizi hauji. Huko Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walipotengeneza hojaji ya Kishona ya maswali 14 kuhusu matatizo ya akili, iliyochapishwa mwaka 1997, walianzia kwenye maneno ya wagonjwa wenyewe, na humo limo wazo la "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi. Kishona na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, na wazo hilo si geni kwetu. Anza na yanayosemwa, halafu uone yanakutana wapi na kipimo chako.

Na kuna yale ambayo hojaji ya kigeni haiulizi kabisa. Mwaka 2011 Young Shin Kim na wenzake walichapisha utafiti wa jiji la Goyang, Korea Kusini, uliokadiria kwamba asilimia 2.64 ya watoto wa miaka 7 hadi 12 wana usonji. Karibu theluthi mbili yao walikuwa katika shule za kawaida bila utambuzi wala huduma. Mwanaanthropolojia Roy Richard Grinker, aliyekuwa katika kazi hiyo, ameeleza kwamba baadhi ya akina mama wa Korea walipendelea mtoto wao aitwe mwenye tatizo la kushikamana na mlezi kuliko aitwe mwenye usonji. Tatizo la kushikamana lawama yake inamwangukia mama peke yake, na mama yuko radhi kuibeba. Usonji unaonekana umo katika damu, na unaweza kuwaharibia ndugu wa mtoto nafasi ya kuoa au kuolewa. Fikiria uzito wa uamuzi huo. Hakuna swali kati ya yale 25 linaloweza kuupokea.

Katika pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake walipowauliza wazazi na wataalamu juu ya chanzo cha usonji, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walitajiwa mapepo, uchawi na laana, bega kwa bega na maambukizi na matatizo wakati wa kujifungua. Mzazi anayeamini hivyo ana maisha ya familia yenye mambo ambayo fomu yako haina pa kuyaandika: nani analaumiwa, nani ameacha kuja nyumbani, wamepita wapi kutafuta tiba kabla ya kufika kwako. Andika maswali yako ya nyongeza kuhusu hayo. Yaweke mwishoni, kama kiambatisho kinachojitegemea, ili alama za hojaji yenyewe zisichafuke. Hivyo ndivyo hata zana nzuri zinavyokua. Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichukua Maswali Kumi, hojaji fupi ya ulemavu iliyokwisha kujaribiwa Bangladesh, Jamaika na Pakistani, wakaongeza maswali 13 yanayolenga usonji, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo ya hojaji hiyo ya maswali 23.

Sasa wiki zako 5. Leo hii, kabla ya kugusa neno jingine, omba ruhusa. M-CHAT-R inatumika bure, lakini ina hakimiliki, na kuitafsiri au kuibadilisha kunahitaji idhini ya wenyewe. Waulize pia kama kuna tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kubaliwa. Ikiwapo, anzia hapo, ila nayo uijaribu kwa wazazi wako kama usingeijua. SCQ na SRS, hojaji nyingine ya dalili za usonji, huuzwa na kampuni ya Western Psychological Services, kwa hizo usithubutu kunakili.

Wakati unasubiri jibu, tafuta mtafsiri wa pili. Mwongozo wa kutafsiri hojaji wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 unataka watafsiri wawili wa kwenda, mmoja anayejua mada na mwingine asiyeijua kabisa, nami naona huyo asiyejua ndiye wa thamani. Wewe umekwisha soma mno. Ukiandika "tabia za kujirudiarudia" unaona picha. Yeye haoni kitu, na atakulazimisha useme "anafanya kitu kile kile tena na tena". Kaeni meza moja, wewe, yeye, mzazi mmoja wa mtoto mwenye usonji, na kama unaweza kumpata, mtu mzima mwenye usonji. Huyu wa mwisho husahaulika karibu kila mahali, na ndiye atakayekuambia ni swali gani linamdhalilisha. Yeye ndiye atakayekukatazia kuandika "tofauti na watoto wazima", kwa sababu asiye mzima ni mgonjwa au kitu kilichovunjika.

Halafu nenda kwa wazazi 8 au 10 bila haja ya kukusanya alama yoyote. Soma swali moja, pokea jibu, kisha usiulize "umeelewa?", maana kila mtu ataelewa. Uliza: "Kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" "Uliposema ndiyo, ulikuwa unakumbuka siku gani?" "Ungemuuliza jirani yako jambo hili, ungesemaje?" Andika majibu kama yalivyotoka mdomoni. Kimya nacho kiandike, na sekunde zake. Swali likiwakwaza wazazi 3, limevunjika, lirekebishe usiku huo na kesho ulipeleke kwa wengine. Kwenye ngazi za majibu, uwe macho na "mara nyingine", ambayo wengine huisikia kama "wakati mwingine" na wengine kama "siku nyingine", na "mara kwa mara", ambayo mmoja huiweka chini ya "mara nyingi" na mwenzake juu yake. Tumia siku: kila siku, siku kadhaa kwa wiki, mara moja moja kwa mwezi.

Baada ya hapo ndipo ufanye jaribio la watu 30 hadi 40, hojaji nzima, kwa wasomaji wale wale watakaokusanya data. Wafundishe wasomaji kusoma kama ilivyoandikwa. Nimeona msomaji mpole akiongeza "si ndiyo?" mwishoni mwa kila swali, na wazazi wote wakakubali.

Kuhusu takwimu nitakuwa mfupi. Jaribio la watu 40 halithibitishi chochote kuhusu uhalali wa kipimo, yaani kama kinapima kweli kile kinachodai kupima. Linakuonyesha tu kama kinasomeka. Alfa kubwa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha maswali yanavyokwenda pamoja, isikulevye, kwa kuwa watu wanaokubali kila kitu nao huzaa alfa nzuri pale maswali yote yanapoelekea upande mmoja. Na viwango vya alama havisafiri pamoja na maneno. Takwimu za M-CHAT-R zilizochapishwa mwaka 2014 zilitokana na watoto 16,071 wa Marekani, na humo, waliobaki na alama za hatari baada ya usaili wa ufuatiliaji, asilimia 47.5 walikutwa na usonji na asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au wasiwasi fulani wa makuzi. Usiandike asilimia hizo kana kwamba ni za watoto wako. Wala usilinganishe wastani wa familia zako na wastani wa Kansas. Ulinganisho huo unahitaji kuonyesha kwanza kwamba maswali yanafanya kazi kwa namna ile ile pande zote mbili, na hiyo ni kazi ya mamia ya familia, si ya shahada moja. Mwambie msimamizi wako hivyo mapema, kwa upole.

Jambo moja sitaki ulifanye hata ukibanwa na muda: kumpa mzazi alama ya hatari bila kuwa na mahali pa kumpeleka. Kabla ya siku ya kwanza uwe na jina la mtaalamu atakayempokea, na siku ambayo atampokea.

Mwishoni kabisa, kabla hujachapa nakala za mwisho, mrudie yule mama. Mwambie kwamba kwa sababu ya swali lake umeandika upya. Msomee yale maswali aliyokwama, polepole, na kalamu iwe mkononi, kwa sababu huenda kuna moja au mawili ambayo bado atakuuliza unataka akujibu nini.